Tuende kwa basi, turudi na kusi

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma na baskeli zenu, hamjambo nyote. Nashukuru kupewa nafasi hii. Nimeambiwa niongee kuhusu safari yetu ya Malawi na najua wengi mmekuja na maswali ya baskeli gani inunuliwe, pesa kiasi gani, nguo gani, hayo nitayagusa inshallah lakini jioni ya leo mimi nataka tuongee njia. Njia yenyewe. Manake kwenye grupu letu ramani ilitumwa wiki iliyopita, mtu amebonyeza Malindi akabonyeza Lilongwe, simu ikamchorea mstari wa buluu, watu wakaweka dole gumba mmoja baada ya mwingine, ikawa ndo tumemaliza kupanga. Jamani bado hatujapanga. Ule mstari umechorewa gari. Simu haijui kama juu ya tandiko kuna binadamu ana magoti, ana kiu, na mzigo wake anausukuma mwenyewe.

Niwaeleze kilichonifungua macho mimi.

Nilipoanza mazoezi ilikuwa mwezi wa saba, na siku hio nilichelewa, nikatoka hapa Malindi saa tatu asubuhi nikaelekea Kilifi. Ni kama kilomita 60, njia mnaijua, Gede, msitu wa Arabuko Sokoke mkono wa kulia, Matsangoni, Tezo, hakuna mlima wa kuitwa mlima. Kufika Matsangoni nilikuwa hoi. Upepo umenikaa kifuani kama mtu ameniwekea kiganja, nikiacha kukanyaga pedeli hata kwenye mteremko baskeli inataka kusimama, shati linapiga piga mgongoni, masikio yamejaa mvumo hata tuktuk ikija nyuma siisikii mpaka inipite. Kilifi nilifika baada ya masaa manne na nusu. Nikala, nikaswali adhuhuri, nikajilaza kidogo, nikageuza. Barabara ile ile, miguu ile ile tena imeshachoka, na kurudi nikatumia masaa mawili na dakika arubaini. Nilipofika Gede nilisimama nikaangalia saa mara mbili.

Usiku nikamhadithia babu yangu, Mungu amrehemu, yeye alikuwa baharia wa majahazi tangu ujana wake. Hakunipongeza. Aliniuliza, ulitoka na upepo wa omo, yaani wa kukukabili mbele, ukijua, au hukujua? Nikamwambia mimi sikufikiria upepo babu, nilifikiria barabara. Akakaa kimya, alafu akaniambia nahodha hasemi anakwenda wapi kabla hajasema ni mwezi gani.

Na jambo hili kwetu sio geni hata kidogo. Kila mtoto wa Malindi ameshapiga picha pale kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Shuleni tulifundishwa alifika hapa mwaka 1498, akapewa rubani, akaenda India, basi, hapo mwalimu anafunga kitabu. Lakini angalieni hesabu ya siku. Aliondoka hapa tarehe 24 Aprili, pepo zimeshageuka, rubani anaijua bahari, wakavuka mpaka upande wa Calicut kwa siku 23. Wakati wa kurudi hakungojea msimu, aliondoka kule mwisho wa mwezi wa nane pepo bado zinamkabili, na bahari ile ile ya siku 23 ikamla siku 132. Mabaharia wake walikufa kwa kiseyeye njiani, na waliobaki walipoiona tena Malindi, Januari 1499, hata nguvu ya kuvuta kamba walikuwa hawana. Merikebu ni zile zile. Kilichobadilika ni mwezi.

Sasa tuje kwetu. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma kuanzia kama mwezi wa nne mpaka wa tisa, na inachacha mwezi wa sita na wa saba. Kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, inaingia mwezi wa kumi na mbili inatupeleka mpaka wa tatu. Kutoka hapa kwenda Malawi unashuka kusini alafu unakata magharibi, kwa hivyo mtu mwenye akili zake atasema basi twende na kaskazi itusukume. Sawa kabisa, lakini miezi hio ndo mvua ya wenzetu. Nyanda za juu za Tanzania kule kusini na Malawi yote hawana vuli na masika kama sisi, wao mvua yao ni moja tu, inaanza kama mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, na ikiamua kunyesha haina mchezo, mnakumbuka Machi 2023 kimbunga Freddy kilivyowafanya watu wa kusini mwa Malawi, mamia walikufa, madaraja yakaenda. Na ukisema basi nitakwenda kiangazi chao, mwezi wa sita mpaka wa nane, barabara kavu, mito imetulia, hapo unatoka Malindi kusi ikiwa usoni mwako kuanzia Gede mpaka Tanga na kuendelea. Upepo unataka hivi, mvua inataka vile.

Dawa yake ni kuigeuza safari. Twende Lilongwe kwa basi, tushushe baskeli, tupande, turudi nyumbani tukikanyaga. Mwezi wa sita. Barabara kavu na kusi mgongoni.

Nilipolisema hili mara ya kwanza kuna kijana mmoja hapa aliniambia kaka hio sio safari, safari ni kutoka nyumbani. Nilimwelewa, manake kuna utamu wa kufungua mlango wako mwenyewe ukakanyaga mpaka nchi ya watu. Lakini fikirieni na upande wa pili. Wiki ya kwanza mwili una nguvu na akili imeamka, na hio ndo wiki ambayo utakuwa mahali ambapo hujui lugha, hujui bei, hujui nani umuulize nini. Ukifika Karonga Kiswahili kinaanza kukurudia, ukivuka mto Songwe uko Tanzania unaongea na kila mtu, na wiki ya tano magoti yanapolalamika na pesa zimepungua kila siku unakaribia kwenu, hata baskeli ikikatika vipande uko karibu na ndugu na sio mbali nao. Wazee wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Marejeo yapo tu, basi tuyafanye ndo safari yenyewe.

Alafu kuna faida ya basi ambayo watu hawaioni. Mnapanda basi la mchana, nasema la mchana sio la usiku, Mombasa mpaka Dar, Dar mpaka Mbeya, Mbeya mpaka mpakani, kuvuka, Karonga, Mzuzu, Lilongwe. Mkae dirishani na daftari. Karibu barabara yote mtakayorudi nayo mnaikagua bure. Hapa mlima umeanza, hapa umeisha, hapa kuna kisima cha pampu na kina mama wamepanga foleni ya madumu, hapa kwa muda wa nusu saa sijaona duka, hapa lami haina ukingo na malori yanapishana bila huruma. Mimi na mwenzangu mwaka juzi tulifanya hivyo na lile daftari lilituokoa zaidi ya simu. Ila baskeli kwenye basi ichungeni. Kampuni moja, jina tuliache, walituwekea gunia za vitunguu juu ya baskeli baada ya sisi kushaingia ndani kukaa, tukaikuta rimu ya mwenzangu imepinda kama kaimati mbaya na hakuna aliyetaka hata kutusikiliza. Siku nzima ikaenda kwa fundi. Toeni pedeli, toeni magurudumu yote mawili, fungeni kila kitu na gunia na kamba, na mmoja wenu asitoke pale kwenye buti mpaka mlango ufungwe.

Sasa naomba watoto wawili waje wanishikie hii karatasi. Ushike hapo mwanangu, na wewe nenda nayo taratibu mpaka kule kwa mzee. Ndo hivyo. Hizi ni karatasi za daftari nimezibandika na gundi, ndo njia yetu yote, kama kilomita 2100, kuanzia Lilongwe mpaka hapa tulipo. Kila mstari ni mahali. Na kila mahali nimeandika mambo matano, kilomita kutoka pale pa nyuma, mita juu ya bahari, maji, pa kulala, na gari la kukuokoa linapatikana wapi. Ukiwa na kilomita peke yake huna njia, una urefu tu.

Watu wananiuliza kwa nini mita. Oneni hapa. Ziwa Malawi liko kama mita 470 juu ya bahari, Lilongwe iko zaidi ya 1000, kwa hivyo siku zile za mwanzo tunashuka kwenda Salima na miguu inazoea polepole, hio ni zawadi. Kutoka Salima tunafuata ukingo wa ziwa kwenda kaskazini, Nkhotakota, mpaka Nkhata Bay, kama kilomita 300 na kidogo, na huko wenyeji wana upepo wao wa kiangazi unaotoka kusini mashariki, wanauita mwera. Kwao kumwera ni kusini. Yaani wao pia upepo wanauita kwa upande unakotoka kama sisi tunavyosema kusi, na mimi niliposikia neno hilo kwa mvuvi mmoja anaanika usipa, dagaa wa ziwani, juu ya chanja nilifurahi vile siwezi kueleza, nikajua nilichokihesabu hapa Malindi juu ya karatasi kipo kweli.

Nkhotakota nataka tukae siku mbili. Pale karne ya 19 walikaa Majumbe, watu waliotoka huku pwani wakavuka ziwa na majahazi yao, wakauza pembe za ndovu na wakauza watu pia, hili la pili tusilipite haraka kwa sababu ni letu, Livingstone alipopita miaka ya 1860 aliyakuta na akayaandika. Misikiti ipo mpaka leo. Ukisikia adhana pale ziwani, mbali namna ile na bahari, unajua kwamba hii njia tunayosema tunaipanga sisi, mababu zetu waliipita, na walioburutwa juu yake waliipita vile vile kwa minyororo.

Nkhata Bay kwenda Mzuzu ni mlima, kama kilomita 50 unatoka usawa wa ziwa unapanda kupita mita 1200, siku hio ni ya hio tu msiiongezee kitu. Mzuzu kwenda Karonga hakuna cha kuogopa sana isipokuwa mteremko wa Chiweta unaokurudisha ziwani, kona juu ya kona, shukeni mmoja mmoja.

Na kumbukeni saa. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, na mwezi wa sita jua lao linazama kama saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa yao. Mtu wa Malindi amezoea mpaka saa kumi na mbili na nusu bado anaona njia. Kule ukisema nitafika saa kumi na mbili unafika gizani, na barabarani gizani kuna malori, kuna watu wanatembea, kuna baskeli zingine za kabaza zisizo na taa, kabaza ni zile baskeli za kubeba abiria, na baskeli wao wanaiita njinga. Hesabu yetu iwe ni kuingia tunapolala kabla ya saa kumi. Tutoke alfajiri, hapo upepo bado ni umande tu, ule mwepesi wa alfajiri, tukanyage mpaka saa tano, tupumzike, tumalizie.

Sasa hapa, mtoto nisogezee, hapa nimepaka rangi nyekundu. Mpaka wa Songwe mpaka Uyole, pale nje ya Mbeya. Kwa gari ni asubuhi moja. Kwa kilomita ni kama 110, mtu wa mstari wa buluu atasema siku moja na nusu. Lakini unatoka bondeni Kyela kama mita 500 unapandishwa mpaka zaidi ya mita 2000 ndo ushuke Uyole. Hesabu ya kilomita 70 kwa siku hapa itupwe. Sisi tulichukua siku tatu na nilifurahi tulichukua siku tatu. Siku ya kwanza joto na migomba. Siku ya pili tunaingia upande wa Tukuyu, mashamba ya chai pande zote, kijani ambacho macho ya mtu wa pwani hayajazoea, na mlima hauishi, unafika kona unasema ile pale ndo juu, unafika unakuta nyingine. Nilishuka nikasukuma. Kuna mama alikuwa anapanda na mkungu wa ndizi kichwani tukaenda sambamba karibu nusu saa mimi na baskeli yangu yeye na ndizi zake, akaniuliza unatoka wapi mwanangu nikamwambia Malawi, unakwenda wapi, nikamwambia Malindi Kenya, baharini. Akatoa ndizi mbivu mbili akanipa bila kusimama. Akasema basi kula, bado mlima.

Baridi ya huko na ya Makambako na Mafinga mwezi wa sita na wa saba ni baridi ya kweli. Sio ile ya kusema leo kumepoa. Asubuhi vidole haviwezi kushika breki. Chukueni sweta nzito, glavu, soksi mbili, na blanketi la pwani liachwe nyumbani. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu sisi watu wa huku tukisikia Afrika kusini ya ikweta tunawaza joto.

Baada ya Iringa kuna sehemu mbili naomba mzisikilize vizuri kuliko zote.

Ya kwanza ni mlima wa Kitonga. Kwa vile tunarudi, sisi tunaushuka, wenzetu wanaotoka Dar wanaupanda. Mtasema afadhali. Sio afadhali, ni hatari ya namna nyingine. Barabara imechongwa kwenye mlima, upande mmoja mwamba upande mwingine bonde, na malori yanatambaa juu na chini yakinuka breki zilizoungua. Baskeli yenye mzigo ikianza kukimbia pale breki zako zinapata moto, raba zinateleza kwenye rimu. Tulishuka mapema magari hayajawa mengi, kila baada ya muda tunasimama mahali palipopanuka, nagusa rimu kwa kidole, ikichoma tunangoja ipoe. Ilikuwa moto kweli, nilitoa kidole haraka. Raba za breki mpya zifungwe Iringa mjini, kabla ya Kitonga, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Chini mnaingia bonde la mibuyu, Ruaha Mbuyuni, vitunguu vimepangwa barabarani kwa maelfu, na joto lenu la nyumbani linawapokea.

Ya pili ni Mikumi. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi ya taifa kwa kilomita kama 50. Ndovu, nyati, simba, wote wako pale na hakuna ukuta. Tunafika mji wa Mikumi, tunapakia baskeli kwenye gari, tunashukia ng'ambo ya pili. Najua kuna watakaosema safari itakuwa na pengo. Iwe na pengo. Mimi sitamrudishia mama yeyote hapa Malindi habari ya mtoto wake kwa ajili ya kilomita 50, na hili sitalijadili tena.

Morogoro mpaka Chalinze ndo pana msongamano mkubwa wa malori, magari ya bara yote yamekusanyika pale, kama mtu atataka kuruka kipande kingine kwa basi aruke hicho. Ukikata kushoto Chalinze kwenda Segera upepo unaanza kukukumbuka. Segera, Muheza mnakula machungwa, Tanga mnalala siku mbili mnaoga baharini. Alafu Horohoro, Lunga Lunga, feri ya Likoni, na kutoka hapo hamhitaji mimi niwaambie njia.

Kuhusu kufuata njia za wengine. Siku hizi ni rahisi, mtu aliyepita anaweka njia yake kwenye programu unaipakua, na ramani ya OpenStreetMap pakueni yote kabla ya kuondoka inafanya kazi bila bando. Lakini usisafirie nyota ya mwenzio. Yule aliyepita labda alikuwa na baskeli ya gia ishirini na saba, alikuja kutoka upande mwingine, mwezi mwingine, kijito alichokunywa yeye mwezi wa tatu ni mchanga mtupu mwezi wa nane. Chukua njia yake, alafu uliza, huyu alipita mwezi gani, alielekea wapi, alibeba kilo ngapi. Sisi kila mtu awe na uwezo wa kubeba lita sita za maji, hata kama siku nyingi hazitajaa.

Baskeli chagueni kwa kuangalia fundi wa kijijini, sio picha. Gurudumu la inchi 26 tairi na tyubu zake zinapatikana karibu kila soko njia nzima, spoki pia. Hizi mpya nyembamba za kuvutia ukipasukiwa Makambako unangoja zitumwe kutoka Dar. Hio hio baskeli ya mamba ya babu yako inchi 28 inafika, nawahakikishia, ila milima ya Tukuyu utaisukuma.

Makaratasi haraka haraka. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita. Kadi ya manjano ya homa ya manjano, sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya mpaka wa kwanza, na tangu 2016 sindano moja inatosha maisha kwa hivyo wenye kadi za zamani msichomwe tena. Mambo ya viza yanabadilika badilika, mwezi mmoja kabla tutakwenda kuuliza kwa pamoja na sio kila mtu na habari yake ya mtaani.

Na hesabu ya siku. Kilomita 2100 gawanya kwa 70 ni siku 30 za kukanyaga. Ongeza siku moja ya kupumzika kila wiki, ongeza Nkhotakota, ongeza zile siku tatu nyekundu, ongeza siku za kuharibika, tunafika wiki sita. Atakayeniambia ana likizo ya wiki nne simfukuzi, namwambia atukute Mbeya, kutoka Mbeya mpaka hapa ni safari kamili na inamtosha. Lakini asije Lilongwe akatuharakisha, mtu mmoja mwenye haraka anawatoa wote njiani usiku.

Karatasi itabaki hapa ukutani wiki hii yote. Wazee wangu mliowahi kufanya kazi Tanga, au kuendesha malori upande wa Mbeya, nawaomba mje na kalamu, pale nilipokosea mkate, pale mnapojua kisima au msikiti wa kulala muandike, hata kama ni kwa herufi za Kiarabu tutasoma.

Na nyinyi vijana, Jumamosi hii tunakwenda Kilifi na kurudi, wote, na mizigo kamili kama ya safari, chupa zimejaa. Hatutoki alfajiri. Najua mtalalamika jua kali, lakini tunatoka saa tatu makusudi, kusi iwe imeshaamka. Kila mtu aje na daftari aandike saa aliyotoka Malindi, saa aliyofika Kilifi, saa aliyotoka Kilifi, na saa aliyorudi hapa, alafu jioni tuzisome hesabu hizo kwa sauti mbele ya wazee, tukiwa bado na jasho.